Maswali ya Wasomaji: Simu Iliyozikwa, Mstari Uliofutwa na Jogoo Aliyeitwa Mjomba

Likizo ya Desemba huniletea barua nyingi kuliko miezi mingine, kwa sababu ndipo watoto wanaposhinda nyumbani mchana kutwa, wakasafirishwa, wakalishwa kwa wageni na kusema mbele za watu yale ambayo muhula mzima walikuwa wakiyasemea chekechea. Barua tano nilizozichagua zimetoka Nakuru, Kisumu na Kakamega. Nimezifupisha, na kama waandishi walivyoomba, sikuweka majina.

*Hujambo Mwalimu. Tunaishi Lanet, Nakuru, na kifungua mimba wetu ana umri wa miaka minne. Mwezi wa kumi tulimzika baba mkwe wangu huko Njoro, na mtoto, ambaye alimwita babu yake Guka, alikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho akiwa amebebwa mabegani na baba yake mdogo. Wiki tatu baadaye simu yangu ilizima nikiwa katikati ya mazungumzo, nikasema kwa hasira, "Simu imekufa," nikaiacha mezani na kwenda kuanua nguo. Niliporudi haikuwepo. Tuliipekua nyumba nzima, mume wangu akaipiga mara nyingi bila kuipata, tukakubaliana kwamba imeibwa. Siku ya pili jioni nilimkuta mtoto amechuchumaa kando ya tuta la sukumawiki, ameshika chaja. Alikuwa ameitia simu katika boksi la viatu vyake vya shule, akaizika, akachomeka juu yake vijiti viwili vilivyofungwa kwa uzi mfano wa msalaba, na ua moja jekundu ambalo lilikuwa limekwisha kunyauka. Tuliifukua, nikaipangusa, nikaichaji, ikawaka. Nilicheka hadi nikaketi sakafuni. Naye akaniuliza, "Na Guka tutamchaji lini?" Kicheko kilinikatika hapo hapo. Mume wangu anasema achapwe kwa kuchezea mali ya watu. Mimi hata jibu la kumpa sina.*

Mama wa Lanet, pole kwa msiba. Tuanze na kiboko ili tuondokane nacho. Mtoto wako hakuchezea mali. Wewe mwenyewe, mtu anayekuamini kuliko wote duniani, ulimtangazia kwamba simu imekufa, na wiki tatu tu zilizopita alikuwa ameonyeshwa, hatua kwa hatua, jinsi mwenye heshima zake anavyotendewa akifa: hutiwa katika sanduku, hufukiwa, huwekewa msalaba, huwekewa maua. Simu yako ilipewa mazishi kamili, ikakosa wimbo tu, na hata huo huenda uliimbwa ukiwa kwenye kamba ya nguo. Kumchapa mtoto kwa hilo ni kumfunza kwamba alikosea kutazama.

Lawama, kama ipo, tuipeleke kwenye lugha yetu tamu. Kwa Kiswahili saa hufa, tochi hufa, betri ya gari hufa asubuhi ya baridi, mguu hufa ganzi, mtu hufa njaa saa saba mchana kisha akala akashiba, na wageni sebuleni hufa kwa kicheko na kuendelea kunywa chai. Sisi wakubwa tumezoea kubagua maana hizo bila kujua kwamba tunabagua. Mtoto wa miaka minne analo neno moja, na amelitumia sawasawa kote. Zaidi ya hayo, watoto wengi wa umri wake huchukulia kifo kuwa kama usingizi mzito au safari, jambo ambalo mtu huweza kurudi kutoka kwalo, na kwa kawaida ni kati ya miaka mitano na saba ndipo wanapoanza kuelewa kwamba mwili ukishakufa haufanyi kazi tena na hakuna kurudi. Sasa mtazame mwanao: alikuwa na dhana hiyo, akashika chaja, akaijaribu, nanyi mkamthibitishia kwa macho yake. Simu ilifukuliwa na ikafufuka. Swali lake kuhusu Guka si la kitoto hata kidogo; ni hitimisho la mtu aliyefanya jaribio.

Kwa hivyo mjibu kwa maneno machache yasiyo na pambo. Mwambie kwamba simu ni kitu, haikuwa hai, na ulipokosea ukasema imekufa ulimaanisha imeishiwa na chaji. Mwambie kwamba Guka alikuwa mtu aliye hai, akafa, mwili wake ukaacha kufanya kazi, hapumui tena, hasikii baridi wala njaa mle ardhini, na hakuna kitu kinachoweza kuuwasha tena. Jiepushe na yale maneno laini tunayoyapenda matangani, kwamba amelala, ametuacha, amesafiri. Nilipokuwa nikifundisha chekechea nilikuwa na binti aliyepiga mayowe kila tulipotandika mikeka ya usingizi wa mchana, na ilituchukua majuma mawili kugundua kwamba aliambiwa nyanya yake "alilala tu" kabla ya kuzikwa. Ikiwa nyumbani mnafundisha habari za ufufuo, zifundisheni, lakini zitengeni na mambo ya stima, na mjiandae kwa swali la kama Mungu ana chaja, kwa maana litakuja.

Ataliuliza swali la Guka tena kesho na wiki ijayo. Hataki jibu jipya. Anakagua kama lile la jana bado limesimama. Mjibu vilevile. Na kucheka si dhambi, ila kicheko kilichokatika mbele ya swali lile kilikatika mahali pake. Baba naye, kwa heshima zote, akitaka kuweka sheria aweke hii: kitu chochote kikifa ndani ya nyumba, mama aitwe kabla ya mazishi.

*Mwalimu, salamu kutoka Migosi, Kisumu. Jumamosi moja tulikuwa tukielekea Busia kumtembelea dada yangu, nikasimamisha gari Maseno ili binti yangu wa miaka mitano aione ikweta, kwa kuwa darasani kwao kuna tufe lenye mstari mwekundu uliozunguka katikati. Tulisimama chini ya ile alama ya barabarani. Alitazama lami, akainua kiatu kimoja, akainua cha pili, kisha akamwendea kijana wa bodaboda aliyekuwa ameegesha karibu na kumwambia, "Toa pikipiki, umekanyaga ikweta." Kijana wa watu akashuka, akaisukuma kando taratibu. Chini yake hapakuwa na kitu. Binti yangu akaangua kilio: "Nani ameufuta?" Nilishindwa, nikaokota kijiti nikachora mstari kwenye changarawe kando ya barabara, naye akaruka upande huu na upande ule hadi tukachelewa. Usiku alimwambia shangazi yake kwamba upande wa pili wa ikweta kuna baridi zaidi. Mke wangu asema nimemfundisha uongo. Je, ni kweli?*

Baba wa Migosi, kwanza nifikishie shukrani zangu kwa kijana yule wa bodaboda ukimwona tena. Watu wangapi wangeisogeza pikipiki kwa amri ya mtoto wa miaka mitano?

Hukumfundisha uongo kwa kuchora. Ungemfundisha uongo kama ungenyamaza akaondoka akiamini kwamba huo ndio mstari wenyewe, ule wa kwenye tufe, na kwamba mvua ikinyesha dunia itapoteza katikati yake. Mwambie kwamba ikweta ni mstari ambao watu wamekubaliana kuufikiria, ulio nusu ya njia kati ya ncha mbili za dunia, na kwamba ukitaka kuufuata mpaka urudi pale Maseno ulipoanzia utatembea kilomita 40,000 na ushei, nyingi zikiwa baharini. Neno "kufikiria" halitamtosha, kwa hivyo mpe mfano anaoufahamu. Wavulana wa mtaani kwenu wanapocheza mpira huweka mawe mawili kuwa goli, na kati ya yale mawe hakuna aliyemwaga chokaa, lakini mpira ukipita hapo uwanja mzima hulipuka na mlinda lango hujitetea. Mstari upo kwa sababu wote wanajua unapita wapi. Mpaka wa Kisumu na Vihiga ni vivyo hivyo. Hakuna uzi uliotandazwa shambani kwa mtu.

Halafu mfurahishe na jambo la kweli linalozidi lile la kijiti: Kisumu iko kusini kidogo tu mwa ikweta, na Busia iko kaskazini, kwa hivyo kila mnapokwenda kwa shangazi mnavuka kutoka nusu moja ya dunia hadi nyingine na kurudi jioni kula ugali. Kuhusu baridi ya upande wa pili, hiyo usiibishanie sana. Kama alikuwa ametoka garini na jasho kisha upepo ukavuma aliporuka, ameripoti alichohisi. Mkipita tena mwambieni asimame pande zote mbili na kupima upya.

*Mwanangu Mwalimu, mimi ni kukhu wa wajukuu wanane, naishi nje kidogo ya mji wa Kakamega. Mdogo wao wa miaka mitatu na nusu alikuja na mama yake kutoka Nakuru kwa Krismasi. Siku waliyofika, mwanangu wa kiume, ambaye ni mjomba wa mtoto, aliniletea jogoo mkubwa mwekundu. Mtoto akauliza huyu ni nani, na mtu akamjibu, "Ni wa Mjomba." Yeye akashika kwamba jogoo anaitwa Mjomba. Kwa siku nne alimlisha mahindi na kumwambia usiku mwema. Siku ya tano tulipata wageni, na huku kwetu mgeni haondoki bila kuku. Mezani mtoto alionja mchuzi, akasema kwa sauti, "Mjomba ni mtamu." Mjomba mwenyewe alikuwa amekaa mkabala naye na firigisi mkononi. Baadaye baba yake alipopiga simu aliambiwa, "Baba, tumemla Mjomba, na miguu yake nimepewa mimi." Tulicheka mpaka mgeni mmoja akapaliwa. Lakini binti yangu amenuna, anasema ningemficha mtoto wakati wa kuchinja. Nimekosea?*

Heshima zako, Kukhu. Hujakosea, na nakuomba uniwekee bawa siku nikipita Kakamega. Mtoto aliyejua jogoo yuko wapi asubuhi na yuko wapi mchana, akala kwa furaha na kuitangaza habari hiyo kwa simu, hajaumizwa. Aliyeshtuka ni mama yake. Shida huwapata watoto wanaoambiwa kwamba kuku "amekwenda sokoni" kisha wakauona ukucha wake sufuriani. Ila wapo wanaolia, na huwezi kujua mapema ni yupi, hivyo mwaka ujao mjukuu akianza kumwambia kuku usiku mwema, mchagueni mwingine wa wageni. Binti yako mpe siku mbili. Hasira ya mtu aliyecheka mezani haidumu.

*Mwalimu, sisi ni wa Kisumu na mwaka huu tuliamua likizo tuipeleke Nakuru. Niliwaahidi mapacha wangu wa miaka mitano kwamba wataona ziwa lililojaa ndege wa rangi ya waridi. Tulipofika ufuoni, wa waridi walikuwa wachache mno na mbali, huku karibu nasi kukiwa na kundi kubwa la ndege weupe wenye midomo mirefu. Mmoja wa mapacha alitazama kwa muda, akasema kwa huzuni, "Mama, wamefuliwa wakachujuka." Mwenzake tangu hapo ananiita muongo. Juu ya hayo, nyani aliingiza mkono dirishani akanyakua chapati, na walichosema wote wawili ni kwamba hakunawa mikono. Niwaeleze vipi habari ya ndege?*

Waeleze kwamba yule wa kwanza alikaribia ukweli kuliko alivyojua. Wale weupe walikuwa mwari, ndege wa jamii nyingine kabisa, wanaokula samaki. Na samaki wenyewe ni wageni katika Ziwa Nakuru, kwani waliletwa na watu zamani ili wale viluwiluwi vya mbu, mwari wakasikia harufu ya karamu. Wa waridi ni heroe, ambao wengi wetu twawaita flamingo. Heroe hazaliwi na rangi ile. Kifaranga chake ni wa kijivu, na uwaridi huja polepole kutokana na chakula, yaani mwani mdogo sana wa majini na vijidudu vyenye rangi. Heroe anayekosa chakula hicho kwa muda mrefu hupauka. Hivyo ndege kuchujuka si upuuzi, ila haufanywi na sabuni.

Kuhusu ahadi yako, wewe ulizungumza habari za picha za kalenda za zamani. Tangu miaka ya 2010 maji ya ziwa hilo yamepanda sana, yakafunika miti na barabara ndani ya hifadhi, na maji mengi yasiyo na magadi yakaizimua ile chumvi ambayo mwani huo huipenda. Heroe wakafuata chakula, wengi wakaonekana Ziwa Bogoria. Hurudi na kuondoka. Si kuku wa kufungiwa. Ningekuwa wewe ningewaambia mapacha hivi: "Nilidhani bado wapo wengi, nikakosea, njooni tujue walikokwenda." Mtoto wa miaka mitano anaweza kabisa kutenganisha aliyekosea na aliyedanganya akielezwa mara moja, na safari ya Bogoria inaweza kuwa ya likizo ijayo. Ahidi ziwa, usiahidi ndege.

Ya nyani sina mengi. Madirisha yafungwe kabla chakula hakijatolewa, mle mahali palipotengwa, na akishachukua asifuatwe wala asirushiwe kitu. Mmepoteza chapati moja na mapacha wamethibitisha kwamba somo la usafi limewaingia.

*Mwalimu, mimi ni mama wa Kisumu na mwanangu ana miaka sita. Mwezi wa nane tulienda ufuo wa Dunga kula samaki. Akaletewa ngege mzima wa kukaanga. Alimtazama jicho, akasita, kisha akachukua jani la sukumawiki akalifunika jicho la samaki vizuri kabisa, akalikandamiza kwa tonge dogo la ugali, akasema, "Asinione nikimla." Wifi yangu (dada ya mume wangu, si ile ya intaneti) alirekodi yote akaiweka kwenye simu yake kwa watu kuona, na ikasambaa hadi kwa wazazi wa darasa lake. Sasa shuleni wanamwita Samaki, na tangu hapo hataki kula mbele ya wageni. Nami nilicheka siku ile, hivyo sijui nina haki gani ya kulalamika.*

Unayo haki yote. Kicheko cha mezani kilikuwa cha watu wanne wanaompenda, na kiliisha sahani zilipoondolewa. Kile cha simuni hakiishi, na wanaocheka hawamjui. Mtoto wa miaka mitatu asingejali, lakini wa miaka sita ameanza kujitazama kwa macho ya wengine. Na ndiyo maana, ukitafakari, alimfunika samaki macho. Hakuwa mjinga wa kudhani samaki wa kukaanga anaona. Alimwonea haya, akamfanyia adabu, kisha watu wakaichukua adabu hiyo wakaigeuza jina la utani.

Zungumza na wifi yako ana kwa ana, si kwenye kundi la familia ambako kila shangazi atatoa hukumu. Mwombe aifute, na awaombe aliowatumia wafanye hivyo, ingawa nakala nyingine hazitarudi. Huhitaji kumtisha kwa sheria, lakini ni vyema ajue kwamba Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inataka ridhaa ya mzazi kabla ya habari za mtoto kushughulikiwa. Kilicho bora zaidi ni yeye mwenyewe amwendee mtoto, ainame, aseme, "Nilionyesha watu picha yako bila kukuuliza, nisamehe." Watoto hawaombwi radhi mara nyingi na wakubwa, wakiombwa hushika.

Mwalimu wa darasa aelezwe kwa maneno mawili, kwa sababu jina la utani hufa upesi mwalimu akilikataza mapema. Umpe mwanao pia jibu la kujibu, fupi na la kujiamini: "Ndiyo, na alikuwa mtamu." Mjizoeze nyumbani mpaka aliseme bila kutazama chini. Usimlazimishe kula mbele ya wageni kwa sasa. Mwanzie kwa mgeni mmoja anayempenda.

Na mkirudi Dunga, msimwagizie vipande visivyo na kichwa kana kwamba alifanya kosa. Aletewe ngege wake mzima kama wengine, na mboga iletwe mapema ili akitaka kumfunika awe na cha kumfunikia, na simu ya wifi ikae mkobani hadi mtakaponawa mikono.